Kesi ya Manyani Wawili

Wasomaji wa Same na milima ya Upare wanavutana kuhusu "Adili na Nduguze", na wanachobishania si majini

Mkasa wenyewe unaanza na kodi iliyochelewa. Mfalme Rai wa Ughaibu anasubiri mapato ya Janibu, siku zinapita, hayaji. Anamtuma mjumbe wake, Ikibali, akaone kuna nini. Ikibali anapokewa na Adili, liwali wa Janibu, na anakuta kila kitu kiko sawa: kodi ipo, ukarimu upo, mwenyeji ni mtu wa maneno laini. Mambo yanageuka usiku. Mjumbe anamwona mwenyeji wake akiamka, akishika mjeledi na kuwaendea manyani wawili waliofungwa. Anawacharaza. Akimaliza anawabembeleza, analia, anawalisha. Mtu mwema namna ile, chini ya mfalme anayesifika kwa huruma, ana siri gani na manyani?

Shaaban Robert alikitoa kitabu hicho mwaka 1952 kwa kampuni ya Macmillan ya London. Ni kitabu chembamba, unaweza kukianza asubuhi Same na kukimaliza kabla basi halijaingia Dar es Salaam. Ndani yake mna majini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, safari za baharini, na ndugu wa damu wanaogeuzwa wanyama. Kingetoka leo, wauza vitabu wangekipanga kwenye rafu ya riwaya za njozi za vijana, jalada likiwa na mwezi mkubwa na msichana mwenye macho ya moto. Wakati ule rafu hiyo haikuwapo. Kiliitwa hadithi, basi.

Ukitaka kujua kwa nini mwanzo huo unamgusa msomaji wa Same, rudi nyuma miaka saba kabla ya kitabu kutoka. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakakusanyika hapo Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi iliyopewa jina la mbiru. Kulipa kodi hawakukataa. Walichokataa ni kukadiriwa mali, yaani mtu kuambiwa ana kiasi gani na watu waliokaa kikao wakakisia. Walipiga kambi pale kwa kupokezana zamu, wakipika na kulala, huku serikali ya Mwingereza ikihangaika. Mwanahistoria Isaria Kimambo, naye mwana wa Upare, aliandika habari hizo katika kijitabu cha mwaka 1971. Muongo ule haukwisha kabla mbiru haijafutwa. Sasa mpe mtu wa kizazi hicho hadithi ambayo mfalme, kodi ikichelewa, anamtuma mtu kwanza akaulize sababu. Hana haja ya kufika kwenye jini ili ajue yuko katika nchi ya ajabu.

Mwandishi naye hakuwa mgeni wa mambo ya kodi. Alianza utumishi mwaka 1926 akiwa karani wa forodha. Kwa hiyo sishangai kwamba katika kitabu chake mkusanya kodi amepewa malazi mazuri.

Watani zetu Wachaga wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni utani, na sisi tunao wetu wa kuwarudishia, lakini sijaona mahali unapoelekea kuwa kweli kama pale watu wa huku wanapokizungumzia kitabu hiki. Mwalimu wa fasihi atakutayarisha kwa mjadala kuhusu uhalisia na ubunifu, kwamba je, inawezekana binadamu akawa nyani. Huku hakuna anayelipigia kelele hilo. Watu wanauliza nani alitoa hukumu, kwa mamlaka gani, washtakiwa walisikilizwa lini, na adhabu ilipangiwa kikomo au haikupangiwa.

Nani kasema ni njozi?

Tuanze na majini, maana ndiyo watu wa nje wanadhani yanaleta ugomvi.

Kwa ufupi: Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Wanapoteza mali yao, yeye anawagawia ya kwake, na wanaipoteza tena. Katika safari ya baharini Adili anafika Mji wa Mawe na kumkuta msichana mmoja tu aliye hai, Mwelekevu. Wivu unawapanda ndugu zake, wanamtosa Adili baharini. Anaokolewa na Huria, jini ambaye yeye alikuwa amepata kumwokoa, na Huria ndiye anayewageuza wale wawili kuwa manyani. Amri inatolewa kwamba kila usiku wachapwe, na wachapwe na Adili mwenyewe. Akikaidi, adhabu inamgeukia yeye.

Upare Kusini ni mahali ambapo ukoo mmoja unaweza kuwa na Mwislamu, Mlutheri na Msabato, wote wajukuu wa babu mmoja, wote wakikutana kwenye msiba. Mwislamu hana shida na kuwapo kwa Huria. Majini yametajwa katika Kurani, na sura nzima, ya 72, inaitwa kwa jina lao. Kwake hiyo si njozi hata kidogo, ni hadithi ya kubuni kuhusu viumbe ambao si wa kubuni. Msabato na Mlutheri wa imani kali nao hawasemi Huria hayupo. Malalamiko yao ni mazito zaidi: pepo wapo, lakini ni wa upande wa yule mwovu, sasa inakuwaje huyu anamwokoa mtu mwema na kuwaadhibu wabaya? Tatizo lao ni kwamba Huria anatenda haki. Anayebaki akisema ni njozi ni kijana aliyekulia mjini, na yeye usiku anasoma kwenye simu simulizi za jini mahaba, sehemu ya kwanza mpaka ya arobaini, bila kumeza mate.

Ubishi huu si mpya milimani. Wamisionari wawili wa Kijerumani waliofanya kazi Upare mwanzoni mwa karne iliyopita, kila mmoja na dhehebu lake, waliandika vitabu vyenye majina yanayokaribia kufanana. Jakob Dannholz, Mlutheri wa Mbaga, alitoa chake mwaka 1916 kuhusu watu waliofungwa na imani ya mizimu. Ernst Kotz, Msabato, ambaye mwaka 1909 alikuwa ametoa kitabu cha sarufi ya Chasu, mwaka 1922 alitoa chake kuhusu watu waliofungwa na hofu. Wote wawili walidhani wanaandika habari za kitu kitakachokwisha. Leo mgeni akifika Mbaga hupelekwa kwenye mwamba wa Malameni akasimuliwa kwamba hapo zamani watoto walitolewa kafara ili kutuliza pepo wabaya, na huonyeshwa mapango ya Mghimbi ambamo inasemwa watu walijificha wasikamatwe na wawinda watumwa. Mtoto aliyekua akisikia hayo, ukimsomea habari za mji wa watu waliogeuka mawe, hatoi macho. Anauliza mji huo uko upande gani.

Hata kile kinachotokea kwingine, vitabu kuchomwa au kupigwa marufuku, huku sijapata kukisikia juu ya Adili. Desemba 2001 kanisa moja la Alamogordo, New Mexico, huko Marekani, lilichoma vitabu vya Harry Potter kwa madai kwamba vinafundisha uchawi. Mwaka uliofuata Falme za Kiarabu ziliviondoa vitabu hivyo katika shule binafsi. Sisi tulipata la kwetu Februari 2023, Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipotangaza kupiga marufuku vitabu kadhaa shuleni, mojawapo ukiwa mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja ya maadili. Kitabu cha Shaaban Robert, chenye jini wa kike mwenye uwezo wa kugeuza watu wanyama, kilipita shuleni miongo na miongo bila mtu kuinua nyusi. Nadhani sababu ni sifa ya mwandishi, na labda ni kwamba wakubwa waliokipitisha waliona jina la Adili wakaridhika.

Hasidi kaitwa Hasidi

Lawama ya kweli ya vijana ni hiyohiyo, majina. Ukishaambiwa ndugu mmoja ni Hasidi na mwingine ni Mwivu, ubaya wao hauhitaji ushahidi. Kijana aliyezoea filamu ambazo mhalifu anajulikana dakika ya mwisho anaona amedhulumiwa. Wahakiki nao waliliona hilo mapema. Sengo alikwishakitoa kitabu chake cha kumhakiki Shaaban Robert mwaka 1975, na mwaka uliofuata Kezilahabi akamwandikia tasnifu ya uzamili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu hapo, kila anayesoma fasihi anafundishwa kwamba wahusika wa Shaaban ni bapa, ni sifa zilizovalishwa kanzu.

Nakubali nusu. Hasidi na Mwivu kweli hawana mengi ya kukushangaza. Lakini taharuki ya kitabu hiki haitegemei kumjua mbaya. Inategemea ule usiku wa kwanza, mtu mwema na mjeledi mkononi, na unasoma kurasa nyingi ukitaka kujua jambo hilo litaelezwaje pasipo mwema huyo kugeuka mnafiki. Mwandishi anayeweza kufungua hadithi hivyo anajua kazi yake. Wanaosema kitabu kinachosha naona mara nyingi wamechoshwa na kitu kingine.

Kitu hicho ni mtihani. Kwa muda mrefu wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamepita na orodha ileile ya riwaya, Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu. Shaaban Robert wamekuwa wakimkuta kidato cha tano na cha sita, katika Kufikirika, iliyotoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya yeye kufariki. Wanakutana naye kama mtu anavyokutana na afisa. Kazi yao ni kutafuta dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, kisha kuonyesha jinsi jina la kitabu linavyosadifu yaliyomo, kwa hoja tatu kutoka kila kitabu. Wengi wanaishia kwenye kijitabu cha uchambuzi, riwaya yenyewe hawaifungui. Siwalaumu. Ila kijana aliyefunzwa kwamba nchi ya Kufikirika ni orodha ya dhamira, ukimpa Adili anaanza kutafuta dhamira kabla hajamwona nyani.

Na lugha? Hapo maoni yanagawanyika kwa umri zaidi kuliko kwa kitu kingine. Wazee waliosoma darasa la nane la zamani wanakisifu Kiswahili cha Shaaban kwa namna wanavyokisifu kitambaa cha enzi zile, kizito na hakichuji. Vijana wanaona sentensi zimepangwa mbilimbili kama watu kwenye paredi, sifa ikitajwa lazima na nyingine iifuate, na hekima inamwagwa mahali ambapo msomaji anataka kujua tu meli imezama au haijazama. Mimi niko na vijana katika sura za mwanzo, hasa pale mfalme anaposifiwa. Baharini niko na wazee.

Usiku mmoja Mbaga

Mwaka jana nilikaa siku chache kwa shangazi yangu huko Mbaga. Mvua ilikuwa inanyesha, umeme umekatika, na shangazi alikuwa sakafuni anachambua tangawizi za kupeleka mnadani, zilizooza huku, nzima kule, akizisugua udongo kwa kidole gumba. Wajukuu zake wawili walikuwapo, msichana wa kidato cha nne na kaka yake mdogo wa kidato cha pili, simu zao zote mbili zimezimika chaji. Nilikuwa na Adili kwenye begi. Nikawasomea kwa taa ya sola.

Sura ya manyani ilipofika, yule mdogo alicheka. Milimani nyani ni mwizi. Mahindi yakianza kukomaa watoto wanapelekwa shambani kuwinga, na kuna mtoto aliyekosa vipindi kwa sababu ya nyani. Kumwambia mtoto huyo kwamba mfalme alishtuka kusikia nyani wamechapwa ni kutafuta kicheko.

"Mjomba, huyu mfalme hana shamba," akasema.

Dada yake hakucheka. Alitaka nirudie pale panapoelezwa kwamba Adili ameamriwa. Nikarudia.

"Kwa hiyo asipowachapa, anachapwa yeye?"

"Ndiyo."

"Basi huyo si anayeadhibu. Na yeye anaadhibiwa."

Mtoto wa shule wa Tanzania ana haki ya kulisemea jambo hili kuliko mhakiki yeyote. Kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkono wa mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, na kila aliyesoma nchi hii anajua tofauti kati ya kanuni hiyo na asubuhi ya mtu aliyechelewa namba. Anajua pia sura ya mwalimu anayechapa kwa sababu ameambiwa achape. Binti yule alikuwa amemwona Adili usoni.

Shangazi, ambaye muda wote nilidhani hasikilizi, aliuliza bila kuinua kichwa:

"Na hao manyani, mwanangu, nani aliwauliza?"

Nikamweleza kwamba walimtosa ndugu yao baharini, jini akaona, ushahidi upo.

"Jini ndiye shahidi, ndiye hakimu, ndiye aliyefunga. Hata baraza la ukoo haliendi hivyo. Na mshtakiwa umemnyang'anya mdomo, atajiteteaje?"

Hapo kesi ikawa imefunguliwa, na haikufungwa mpaka saa tano za usiku. Yule mdogo alisimama na Huria kwa hoja kwamba waliotaka kuua wamepata nafuu, hawakuuawa. Dada yake alisema Huria alikosea kwa kumtumia Adili, angewachapa mwenyewe kama ana nguvu hizo. Shangazi alitaka fidia. Kwa mila alizozijua yeye, ndugu akimkosea ndugu analetwa mbele ya wazee, anasema, anatozwa mnyama, wanakula pamoja, imekwisha. Mjeledi wa kila usiku aliuona ni deni lisilo na mwisho, na mtu hawezi kulipa deni asiloambiwa ni kiasi gani. Wajukuu hawakujua, lakini bibi yao alikuwa anasema kile ambacho waliopiga kambi Same mwaka 1945 waliiambia serikali.

Kuna jambo moja binti yule alilisema ambalo nimelisikia pia kwa wasomaji wengine wa kike, nami sikuwa nimelitilia maanani. Mwelekevu ameishi peke yake katika mji wa mawe. Watu wake wote wamegeuka mawe, yeye kabaki, amekula, amelala, hakurukwa na akili. Kisha anakuja mwanamume kwa meli, na kuanzia hapo msichana huyo anakuwa sababu ya ugomvi wa wanaume watatu. Hatuambiwi inavyotosha siku zake za upweke zilikuwaje. Mwandishi yeyote wa riwaya za vijana wa leo angeanzia hapo, na pengine asingetoka. Wasichana wanamtaka Huria kwa sababu ni mwanamke pekee katika kitabu ambaye akikasirika kitu kinatokea. Mwaka 1952 sijui ni kitabu kipi kingine cha Kiswahili kilikuwa na mwanamke wa namna hiyo, ingawa ilibidi awe jini.

Imetoka Baghdad

Kundi la mwisho la wanaolalamika ni la wajuzi. Hao husema, tena kwa sauti ya mtu anayefichua wizi, kwamba Adili na Nduguze si ya Shaaban Robert. Ni hadithi ya Abdallah bin Fadhil na nduguze, katika Alfu Lela U Lela. Ni kweli. Liwali ni wa Basra, mtawala ni Harun al-Rashid, kodi imechelewa vilevile, mjumbe anatumwa vilevile, jini vilevile, mji wa mawe vilevile.

Ila hadithi za ajabu katika Kiswahili hazikuwahi kuona haya kuvuka bahari. Vijana wa zamani walisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotafsiriwa mwaka 1929, na Elisi katika Nchi ya Ajabu, ya mwaka 1940. Elisi huyo alitafsiriwa upya na Ida Hadjivayanis mwaka 2015, na safari hii akaitwa Alisi. Kabla ya vitabu, mabibi wa pwani walikuwa wanasimulia za Abunuwasi bila kumlipa mtu hakimiliki. Hadithi kutoka mbali si dosari. Cha kuangaliwa ni mtu alichoifanyia ilipofika mikononi mwake.

Na hapa wajuzi wanasimama mapema mno. Wanaona yaliyofanana, hawahesabu yaliyobadilika. Katika simulizi ya Kiarabu ndugu wale wanageuzwa mbwa. Shaaban Robert akawafanya manyani. Kwa msomaji wa huku badiliko hilo si dogo. Mbwa ana mahali pake nyumbani, hata kama ni nje ya mlango. Nyani anafanana na mtu, ana mikono, anakaa kitako, anakutazama, na bado ni adui wa shamba. Adili anawachapa wanyama wenye vidole kama vyake. Yule mdogo wa Mbaga alicheka mwanzoni, lakini tulipofika mahali Adili anapolia nao aliacha.

Badiliko la pili ni kubwa zaidi, na ndilo linaloamsha hasira. Katika Alfu Lela U Lela ndugu wale wanasamehewa, wanarudishiwa umbo lao, kisha wanarudia yaleyale: wanamgeukia tena ndugu yao wakitaka kumuua. Mwisho wanauawa kwa amri ya mtawala. Shaaban Robert amekataa. Kwake Rai anawaombea msamaha, Hasidi na Mwivu wanarudi kuwa watu, wanatubu, na toba yao inashika. Adili anamwoa Mwelekevu. Hakuna anayenyongwa.

Wasomaji wengi wa Same niliowasikia hawaupendi mwisho huo, na hawakubaliani kwa nini. Wenye dini wanasema toba imekuja baada ya mateso, na toba ya mjeledi haiaminiki. Vijana wanasema ni rahisi mno, mtu aliyekutosa baharini huwezi kula naye pilau ya harusi yako. Wazee wa mila wanasema msamaha ni sawa lakini fidia iko wapi. Msichana wa kidato cha nne alisema Mwelekevu angeulizwa kwanza. Shangazi alisema kesi irudiwe.

Mimi naona toba inakuja haraka, na ningependa ukurasa mmoja wa Hasidi akiwa mtu tena, asubuhi ya kwanza, akiitazama mikono yake mbele ya ndugu aliyemchapa. Ukurasa huo haupo. Lakini siwezi kusema mwandishi hakujua anachofanya, maana mwisho ule mwingine, wa damu, ulikuwa mezani kwake, tayari, umesimuliwa kwa karne nyingi, na aliuacha. Wanaotaka Hasidi na Mwivu wauawe wasihangaike kumwandikia marehemu barua. Watafute ile ya Baghdad, huko wameshauawa.